Kubadili kii kwenye gitaa: kapo, pedali ya pichi, na pale zinapoachana

Swali linarudi kila siku kwa wapiga gitaa: mwimbaji kasema wimbo uko juu sana kwake, au uko chini sana, sasa nichukue kapo (kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa kubana nyuzi) au nichukue pedali ya kushusha pichi, yaani kisanduku cha kukanyaga kinachobadili ujuu na uchini wa sauti? Majibu mara nyingi yanaongeza mkanganyiko, maana mmoja atakwambia kapo ndo mpango mzima, mwingine atakwambia kapo ni ya wanaojifunza (sio kweli, ntaeleza mbele), wa tatu atasema we legeza tu nyuzi uendelee na maisha. Shida ni kwamba wote watatu wanaongelea vitu tofauti kana kwamba ni kitu kimoja. Kapo inabadili urefu wa uzi unaotetemeka. Kulegeza nyuzi kunabadili mvutano wa uzi. Pedali yenyewe haigusi uzi kabisa, inabadili umeme uliotoka kwenye gitaa baada ya uzi kupigwa. Shika hizo tatu kwanza, maana karibu kila kinachofuata kinatokana na hapo.

Ila kabla ya vifaa kuna kitu kimoja ambacho kisipokaa sawa kichwani hata ununue nini utachanganyikiwa tu, nacho ni tofauti ya shepu na sauti. Ukishika G ya kawaida pale juu ya shingo, vidole vimefanya shepu na gitaa limetoa sauti, na kwa kuwa zote mbili tunaziita G tunazoea kuziona kama kitu kimoja. Funga kapo freti ya 2 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) halafu shika vidole vile vile: mkono wako bado unasema G lakini sikio linasikia A. Kuanzia hapo kila kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) unayopiga ina majina mawili, jina la mkono na jina la sikio, na ugomvi mwingi kwenye mazoezi ya bendi unaanzia hapa, mpiga gitaa anatangaza "tuko G" wakati mpiga kinanda anasikia A na anajiuliza nani kati yao ana tatizo. Kanuni yangu ni moja, ukiongea na wenzako taja jina la sikio siku zote. Shepu ni mambo yako wewe na mkono wako.

Sasa hesabu. Noti zipo 12 halafu zinajirudia: C, C shapu, D, D shapu, E, F, F shapu, G, G shapu, A, A shapu, B, kisha C tena. Kila freti moja ni nusu toni, yaani hatua moja kwenye huo mstari. Angalia kwamba kati ya E na F hakuna kitu, na kati ya B na C pia hakuna kitu, hapo ndo watu wengi wanakosea kuhesabu na kujikuta nusu toni pembeni. Kwa hiyo shepu ya G na kapo freti ya 3: G shapu, A, A shapu. Inasikika A shapu, ambayo kwenye nyimbo tunaiita B flati, noti ile ile jina tofauti.

Na kitu kingine kinachorahisisha sana ni kufikiria kodi kwa namba badala ya herufi. Kwenye kii ya G, yaani wimbo unaotulia kwenye G, unahesabu noti saba za kii hiyo (G, A, B, C, D, E, F shapu): G ni 1, C ni 4, D ni 5, na Em (E maina) ni 6. Wimbo unaokwenda G, Em, C, D ni 1, 6, 4, 5, na ukiupeleka kii yoyote duniani bado ni 1, 6, 4, 5. Kwenye F inakuwa F, Dm, B flati, C. Kwenye A inakuwa A, F shapu m, D, E. Mtu anayejua namba hana haja ya kukariri wimbo mara 12, na akisikia mwimbaji anasema "shusheni kidogo" haogopi.

Tuchukue huo wimbo wa G, Em, C, D tuufanyie kazi kweli kweli. Mwimbaji anataka wimbo upande juu kwa nusu toni tatu. Rahisi, kapo freti ya 3, vidole vile vile, imeisha. Hapa kapo haina mpinzani, kwa sababu B flati bila kapo inakudai kodi za kulaza kidole cha shahada kwenye nyuzi zote karibu muda wote, mkono unachoka na zaidi ya mkono kuchoka ule mlio wa nyuzi wazi unapotea. Na hili ndo jibu kwa wale wanaosema kapo ni ya wanaojifunza. Shepu ya G ya juu ya shingo ina nyuzi zinazolia wazi, zinaendelea kulia wakati vidole vinahama, na ukipiga B flati kwa kulaza kidole hupati hiyo kitu hata uwe fundi kiasi gani. Kapo inahamisha ule mlio wa nyuzi wazi kwenda kii unayotaka. Ni uchaguzi wa sauti, na ndo maana utaikuta kwa watu waliopiga gitaa maisha yao yote.

Sasa mwimbaji huyo huyo anasema hapana, nataka ushuke toni nzima (nusu toni mbili), kutoka G kwenda F. Hapa kapo inagoma, kwa sababu kapo inafupisha uzi na uzi ukifupishwa sauti inapanda, haijawahi kushuka. Kwa hiyo inabidi uwe mjanja: tafuta shepu iliyo chini ya F halafu uipandishe. Shepu za C zikiwa na kapo freti ya 5 zinasikika F, na kodi zako zinakuwa C, Am, F, G. Shepu za D na kapo freti ya 3 pia ni F, unapiga D, Bm, G, A. Shepu za E na kapo freti ya 1 pia ni F, lakini hapo unakutana na E, C shapu m, A, B, mbili kati ya hizo za kulaza kidole, kwa hiyo hujajisaidia sana. Mi ningechagua za D kama mkono wako unaiweza Bm, kwa sababu kapo ya freti ya 3 bado inaacha gitaa na mwili wake, ya freti ya 5 inaanza kusikika nyembamba.

Kwa nini nyembamba? Ukifunga freti ya 5 uzi unaobaki ni kama robo tatu tu ya urefu wake, yaani gitaa lenye uzi wa milimita 648 linabaki na kama 485. Freti ya 7 inabaki theluthi mbili, freti ya 12 nusu kamili. Uzi mfupi hauna zile noti nzito za chini tena, kila kitu kinakaa juu, kinang'aa, kinafanana na mandolini. Hiyo sio mbaya! Kama mko wawili ni dhahabu, mmoja apige G ya kawaida bila kapo na mwingine apige shepu za D kapo freti ya 5, zote zinasikika G lakini kila gitaa linakaa kwenye eneo lake na halimkanyagi mwenzake. Ila kama uko peke yako na sauti ya mwimbaji ni nyembamba pia, utasikia kitu kinakosekana chini.

Halafu kuna jambo la wimbo wenyewe kubadilika. Ukihama kutoka shepu za G kwenda shepu za D, kale kamstari ka besi ulikokuwa unakachezea kati ya G na Em kanapotea au kanageuka, na kama utangulizi wa wimbo umejengwa juu ya uzi fulani wazi basi hautasikika vile vile. Kwa kupiga kodi tu haina shida. Kwa wimbo wenye rifu maalum (kale kamelodi ka gitaa kanakojirudia) hapo ndo pedali au kulegeza nyuzi vinaanza kupata maana.

Kuhusu kuifunga kapo, watu wanapita haraka sana hapa na ndo chanzo cha gitaa kusikika limeharibika. Kapo inakaa nyuma ya freti, karibu nayo sana lakini sio juu yake. Ukiiweka katikati ya nafasi, uzi unasukumwa chini mbali zaidi na unavutika, na uzi ukivutika pichi inapanda juu ya inapotakiwa. Ukiiweka juu ya freti yenyewe mlio unakuwa umezibwa. Sawa sawa na freti, isikae upande upande. Na baada ya kuifunga, tyuni tena. Sio kwamba tyuna yako ilidanganya mara ya kwanza, ni kwamba nyuzi nene na nyuzi nyembamba hazipandi kwa kiasi kile kile zikibanwa, kwa kawaida zile nene ndo zinapanda zaidi. Kapo za springi ni za haraka, unaihamisha katikati ya wimbo kwa mkono mmoja, lakini springi inabana kwa nguvu moja tu na mara nyingi nguvu hiyo ni kubwa kuliko inayohitajika. Za skrubu unapima mwenyewe, unakaza mpaka nyuzi zinaacha kukwaruza halafu unaacha hapo, na mi nazipenda hizi zaidi kwa ajili ya kurekodi kwa sababu pichi inakaa. Angalia pia umbo: gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni lina ubao wa vidole tambarare, la nyuzi za chuma lina ubao wenye mgongo kidogo, na kapo ya mgongo kwenye ubao tambarare itaacha nyuzi zingine hazijabanwa vizuri.

Njia ya kulegeza nyuzi naipitia haraka. Inafanya kazi, haina gharama, na kama bendi yenu inapiga kila wimbo nusu toni chini basi legezeni tu, msinunue kitu. Ila ujue mvutano unashuka kwa kasi kuliko pichi: nusu toni moja chini ni kama asilimia 11 ya mvutano imeondoka, toni nzima ni kama asilimia 21. Kwa toni nzima nyuzi zinaanza kuyumba, zinagonga freti, unahitaji seti nene zaidi. Na shingo nayo inasikia mabadiliko hayo. Kwa hiyo haifai kwa mtu anayetaka wimbo huu chini, unaofuata juu, wa tatu kawaida. Na gitaa zile zenye daraja linaloelea, zile za Floyd Rose, ukilegeza uzi mmoja zingine zote zinahama, dakika zako zinaisha hapo hapo.

Hapa ndo pedali inaingia.

Pedali ya pichi inachukua umeme wa pikapu (kifaa cha kwenye gitaa kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme), inaugeuza kuwa namba, inaukata vipande vidogo vidogo sana, kisha inavicheza vile vipande kwa kasi tofauti na kuvipanga vipishane ili wimbo usirefuke wala kufupika. Ukicheza rekodi yoyote polepole inashuka pichi lakini inarefuka, sindio? Kazi yote ya pedali ni kupata ule ushukaji bila ule urefu, na kuifanya papo hapo wakati we bado unapiga. Studio zilikuwa na mashine za namna hii tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 DigiTech wakatoa Whammy, ikawa ya kukanyaga kwa mguu, unapandisha oktava nzima (nusu toni 12) kwa kusukuma kisigino na vidole. Tom Morello wa Rage Against the Machine aliifanya ijulikane kila mahali.

Lakini zile za mwanzo zilisikiliza noti moja kwa wakati. Ukipiga kodi nzima zinachanganyikiwa, zinatoa mlio wa kugugumia, kwa sababu mashine inatafuta noti moja na wewe umempa sita. Kwa kubadili kii ya wimbo mzima unahitaji ile ya polifoniki, inayoweza kubeba kodi. DigiTech Drop imetengenezwa kwa kazi hii hasa, inashusha kuanzia nusu toni moja mpaka saba, na oktava. Electro-Harmonix Pitch Fork inakwenda pande zote mbili, juu na chini. Kwa hiyo ukisoma maelezo ya pedali kabla ya kununua, kitu cha kwanza kutafuta ni je inabeba kodi, maana pedali ya hamoni ya noti moja na pedali ya kushusha gitaa zima zinakaa rafu moja na zinafanana majina lakini kazi ni mbili tofauti.

Hiyo haimaanishi polifoniki ni kamilifu. Nusu toni moja au mbili chini, kwenye pedali nzuri, ndani ya bendi yenye ngoma na besi, watu wengi hawatajua. Tatu bado inavumilika. Ukifika tano, saba, unaanza kusikia kodi zinatetemeka kama ziko majini, na ule mgongano wa piki (kile kipande cha kupigia nyuzi) na uzi, ule mkato wa mwanzo, unalainika. Sababu moja ni kwamba pedali inashusha kila kitu, sio noti tu bali pia mlio wa mbao, mlio wa piki, rangi yote ya gitaa, wakati gitaa halisi lililolegezwa bado ni mbao zile zile na piki ile ile. Ukipandisha inakuwa kinyume, gitaa linasikika dogo kama la mtoto. Kwa hiyo kwa kupanda juu, mi naona kapo inaishinda pedali karibu kila mara, na sioni sababu ya kuitumia pedali kupanda nusu toni mbili wakati kipande kidogo cha chuma na mpira kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na hakihitaji umeme.

Halafu kuna kuchelewa. Watu wanalaumu kampuni lakini sehemu ya kuchelewa inatoka kwenye maumbile ya sauti yenyewe. Uzi wa sita, E ya chini, unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 12. Mashine inayotaka kuelewa noti hiyo inahitaji kusikia walau karibu mzunguko mzima kabla ya kuamua chochote. Uzi wa kwanza, E ya juu, unatetemeka kama mara 330, mzunguko wake ni milisekunde 3 tu. Ndo maana kuchelewa unakusikia zaidi kwenye noti nzito. Ili upate picha, sauti inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 10 ni sawa na kusimama karibu mita tatu na nusu kutoka kwenye spika yako. Kwa kodi za taratibu huoni kitu. Kwa rifu za haraka za kuzima nyuzi kwa kiganja, mkono unahisi kitu kinavuta.

Sasa hili lifuatalo ndo linawaumiza wengi na halisemwi vya kutosha. Pedali inabadili kinachotoka kwenye spika tu. Uzi wenyewe bado unalia kwenye kii ya zamani, hapo hapo mbele ya kifua chako. Ukipiga gitaa la umeme chumbani kwa sauti ndogo, pedali iko nusu toni chini, utasikia nyuzi zenyewe ziko E na spika iko E flati, na noti mbili zilizoachana kwa nusu toni zikilia pamoja ni karaha, utadhani pedali mbovu. Sio mbovu. Ongeza sauti ya spika mpaka izifunike nyuzi, au vaa hedifoni zinazoziba masikio vizuri. Kwa gitaa la akustika ndo balaa, kwa sababu boksi lenyewe linapiga kelele, waliokaa mbele wanasikia kii mbili kwa pamoja, na ukirekodi kwa maiki ndo kabisa maiki inasikia boksi wala haina habari na pedali. Akustika chumba kidogo: kapo, au legeza, au badili shepu. Pedali kwa akustika inawezekana kwenye jukwaa kubwa lenye spika kubwa, na hata hapo mwimbaji aliyesimama karibu yako atapata shida kushika noti.

Mahali pa kuiweka kwenye mstari wa pedali: mwanzoni, kabla ya distosheni (pedali ya ule mlio wa kukwaruza). Distosheni inaongeza noti juu ya noti na kuzisaga pamoja, ukiipa pedali ya pichi uji huo itashindwa kutofautisha. Ipe sauti safi kwanza ishushe, halafu distosheni ifuate, na utaona hata ile mitetemo niliyosema inafunikwa. Tyuna ikae kabla ya pedali ya pichi ili isome uzi wenyewe, la sivyo utakuwa unatyuni E na tyuna inakuonyesha D. Mgogoro unakuja kwa wenye pedali za fazi (fuzz, aina ya distosheni) za zamani, zile zinataka kushikana na gitaa moja kwa moja bila kitu katikati, na pedali ya pichi nayo inataka nafasi ile ile. Hapo lazima mmoja akubali, na kwa kazi ya kushusha kii ningeipa pichi nafasi ya kwanza hata kama fazi itapoteza ladha kidogo.

Na vyote viwili vinaweza kukaa pamoja. Pedali imeshusha toni nzima, kapo iko freti ya 2, umerudi kii uliyoanzia lakini kwa mlio tofauti kabisa, hesabu ni kujumlisha na kutoa tu. Ila ukifika hapo andika kwenye karatasi, kwa sababu sasa kodi moja ina jina la mkono, jina la uzi na jina la spika, na katikati ya shoo hakuna mtu anayekumbuka.

Ukienda kujaribu pedali kabla ya kulipa, usianze na solo, solo inaficha kila kitu. Iweke toni nzima chini, piga kodi ya E iliyo wazi na nyuzi zote sita, acha ilie mpaka ife yenyewe, na sikiliza sekunde za mwisho, hapo sauti inapofifia ndo pedali dhaifu inaanza kuyumba. Kisha zima nyuzi kwa kiganja, piga haraka haraka uzi wa sita ukifuata metronomu, na uone kama mkono wako unajikuta unawahi mbele ya mdundo. Ukiona unawahi, basi ndo unajaribu kufidia kuchelewa bila kujua. Shusha mpaka nusu toni moja urudie, kama bado unawahi tafuta nyingine, au kama wimbo wenyewe ni wa kodi tu rudi kwenye shepu za D na kapo freti ya 3.